Je, kupenda kusikiliza podikasti kunatosha kuanzisha yangu?

MsafiriWaFeri ameuliza:

Salaam aleikum wenzangu, na habari za jioni. Nina blogu binafsi niliyoianza mwaka 2014, isiyo na siasa wala udaku. Naandika juu ya nyumbani kwetu Likoni, mapishi, vitabu ninavyosoma na watu ninaokutana nao njiani. Kwa kipindi kijacho nimejipangia mambo matatu. Kwanza, nitapunguza makala kutoka nne kwa mwezi hadi mbili, kwa kuwa nimegundua ile ya nne huwa naiandika kwa kujilazimisha. Pili, nataka kuchagua makala arobaini hivi ambazo hazijachuja na kuzichapisha ziwe kitabu kidogo. Hayo mawili hayanisumbui. La tatu ndilo lililonileta hapa: natamani kuanzisha podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kusikilizwa mtandaoni.

Tamaa hiyo nimeipata kwenye feri. Kila asubuhi navuka kwenda kazini kisiwani Mombasa, na tangu nianze kushuka kile kiteremko nikiwa na spika za masikioni, msongamano haunichoshi tena kama zamani. Simu imo ndani ya mkoba, na mkoba umefungwa zipu, maana mnazijua zile dakika za kusubiri lango lifunguliwe. Huku mtu nisiyemjua ananieleza taratibu habari za nyuki, za ndoa au za bei ya kahawa, kana kwamba siku nzima ameniwekea mimi. Kipindi kikinoga na feri imeshafika ng'ambo, husimama kando ya wauza maji nikamalizia dakika zilizobaki. Vitabu havijawahi kunichelewesha kazini. Podikasti zimenichelewesha mara mbili.

Wiki iliyopita nilichukua makala yangu ya mahamri ya marehemu mama, ambayo ndiyo iliyopendwa na wasomaji kuliko zote, nikaisoma na kujirekodi kwenye simu. Nilipojisikiliza, nilimsikia mtu anayesoma tangazo kwenye baraza ya chifu. Maneno ni yale yale yaliyowaliza watu, lakini uhai haumo. Je, tatizo ni sauti yangu, ni maandishi, au ni kwamba kusikiliza ni kipaji kimoja na kutengeneza ni kingine?

FundiMitambo amejibu:

Dada MsafiriWaFeri, bila kukusikia sithubutu kuihukumu sauti yako, lakini dalili ulizozitaja nimekutana nazo mara nyingi studioni, na kwa kawaida mgonjwa huwa ni maandishi. Jicho likipotea katikati ya sentensi hurudi nyuma lenyewe. Sikio halina njia ya kurudi. Ukiandika kwamba mahamri, ambayo marehemu mama alikuwa akiyapika kila Ijumaa kabla ya alfajiri, yalikuwa na iliki nyingi, msomaji atakuelewa vizuri, ila msikilizaji atakuwa bado anangoja hayo mahamri yamefanya nini. Kwa sauti ningesema hivi: "Ijumaa mama hakuamshwa na jogoo. Alimtangulia. Ukinusa iliki, ujue bado ni usiku." Habari haijabadilika; kilichobadilika ni mahali pa kuvuta pumzi.

Kuhusu vifaa, usikimbilie dukani. Simu yako inatosha kwa kuanzia, mradi uiweke umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni na kidogo upande, ili pumzi ya herufi p na b isiipige moja kwa moja. Kaa mbele ya kabati la nguo lililo wazi, au tundika leso kuzunguka pale ulipo, kwa sababu ukuta mtupu ndio unaorudisha mwangwi. Kama paa ni la mabati na mvua inanyesha, ahirisha.

Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza ni bando la msikilizaji. Mazungumzo ya mtu mmoja hayahitaji sauti ya pande mbili (stereo). Ukiyahifadhi kwa mp3 ya upande mmoja, kilobiti 64 kwa sekunde, nusu saa inachukua kama megabaiti 14; ukiyaacha kwenye kilobiti 128 unamtoza msikilizaji maradufu kwa tofauti ambayo ndani ya feri hataisikia kamwe.

MkaziWaUpanga amejibu:

Mwenzenu niliwahi kuwa na podikasti, na ninaandika haya ili dada asirudie kosa langu. Nilikuwa na vipindi 23, vyote nimeviweka kwenye huduma moja ya bure ambayo siitaji, nami sikubaki na nakala hata moja, kwa kuwa nilikuwa nikifuta simuni ili kupata nafasi. Huduma ilipofungwa, barua pepe ya kutuonya iliangukia kwenye taka. Mahojiano niliyofanya na babu yangu yalikwenda na vipindi hivyo, na babu hayupo tena.

Podikasti kwa asili yake ni faili la sauti linalotangazwa kwa mlisho wa RSS, yaani orodha inayozijulisha programu kila kitu kipya kinapotoka, mfumo ule ule ambao blogu zimeutumia tangu zamani. Jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 2004, na mwaka uliofuata Apple ikaziingiza podikasti kwenye iTunes, programu yake ya muziki. Ukiushika mlisho wako mwenyewe, chini ya anwani ya tovuti unayoilipia, programu za kusikilizia zinaweza kuja na kuondoka. Google ilipoifunga programu yake ya podikasti mwaka 2024, wenye milisho yao waliendelea kusikika kwingine kama kawaida. Kwa hiyo, dada, blogu usiifunge. Hiyo ndiyo nyumba, na podikasti ni chumba utakachokiongeza.

Nawaonea wivu kidogo wa Mombasa. Huku kwetu Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka, na wengi wetu tuliokuwa tukiandika kwa mapenzi tu tuliweka kalamu chini. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, hivyo Mtanzania anayesoma uzi huu azisome kama zilivyo sasa kabla ya kununua maikrofoni.

MsomajiKimya amejibu:

Naomba niseme kwa niaba ya watu ambao uzi huu haujawataja. Homa ya utotoni iliniachia sikio moja tu, nalo halisikii vizuri. Kila mwandishi ninayempenda anapotangaza kwamba amehamia kwenye sauti, mimi husoma tangazo hilo kama mtu anayefungiwa mlango. Simlaumu mtu, lakini kama kipindi kimeandikwa kabla ya kusomwa, kuyaweka maandishi yake chini ya faili hakugharimu chochote.

Kuna na faida ya wenye masikio mazima. Mtu anayetafuta kipimo cha hamira atakipata kwenye maandishi kwa sekunde chache. Kwenye sauti itambidi arudishe nyuma mara tatu, kwa mikono iliyojaa unga.

MzeeWaRedio amejibu:

Mwanangu, nimesoma yote na nakubaliana na mengi, ila FundiMitambo ameniacha mahali pamoja. Kusoma maandishi si kosa. Watangazaji tuliokua tukiwasikiliza walisoma, na hatukujua kwamba wanasoma. Mkumbuke marehemu Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake cha *Je, Huu ni Uungwana?*, kilichoanza mwaka 1966. Alichukua tabia moja, labda ya mtu anayefika kwa watu wakati wa chakula bila kualikwa, akaigeuza huku na huku, halafu akakuuliza wewe uliyekaa kando ya redio. Hakuwa akiuhutubia umma. Alikuwa akimsema jirani yako, nawe ukacheka ukijua kwamba huenda ni wewe.

Ushauri wangu ni huu: usitangaze kwamba utakuwa hewani kila wiki. Umetuambia mwenyewe kwamba makala ya nne ya mwezi ulikuwa ukijilazimisha, sasa kwa nini ujitafutie mzigo mwingine wa aina hiyo hiyo? Tengeneza vipindi sita, uvimalize vyote kabla ya kuachia cha kwanza, kisha upumzike. Wasikilizaji watakungoja, hata sisi tulingoja.

MsafiriWaFeri amerudi:

Mzee wangu, shikamoo. Nawashukuru nyote, na wewe MsomajiKimya zaidi, kwa kuwa kwa kweli nilikuwa na nia ya kuiacha blogu ipoe yenyewe. Sasa nimeamua kwamba makala mbili za kila mwezi zitabaki za kusomwa, na vipindi sita vitatoka baada ya Idi, kila kimoja kikiwa na maandishi yake chini, nakala moja kwenye kompyuta ya kazini na nyingine kwenye diski nyumbani. Kitabu kitangoja mwaka ujao.

Jana usiku niliyaandika upya mahamri kwa namna ya FundiMitambo, nikajifungia mbele ya kabati nikiwa nimejifunika leso mbili, nikayasoma huku nimeweka picha ya mama magotini. Nilipotoka, mama mdogo alikuwa amesimama ukumbini na birika mkononi, akaniuliza nilikuwa nazungumza na nani muda wote ule.

Kilichobaki ni jogoo wa jirani, ambaye amesikika wazi kabisa dakika ya nne, na ambaye leso hazikumzuia.