Gati la Busselton, kwenye kikundi cha ukoo

Dada Mkubwa: Shikamooni wazee wangu. Leo nimetembea juu ya bahari nisilowe hata unyayo. Hili ndilo gati la Busselton, Australia Magharibi. Mita 1,841. [picha 4]

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mbona sioni mwisho wake?

Dada Mkubwa: Hata mimi sikuuona nilipoanza, Shangazi. Treni ndogo ipo, ila nilitaka kwenda kwa miguu. Kati ya ubao na ubao kuna mwanya, unayaona maji yanavyogeuka rangi kadiri unavyosonga mbele.

Baba Mkubwa: Nguzo zake ni mti gani?

Dada Mkubwa: Jarrah, Baba Mkubwa. Mti wa hukuhuku, mwekundu, mgumu ajabu.

Baba Mkubwa: Na kwa nini refu hivyo? Hakuna fundi anayeingia baharini karibu kilomita mbili kwa kupenda.

Dada Mkubwa: Mchanga. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 1865, kifupi tu. Meli zilikuwa zinakuja kuchukua mbao. Lakini mchanga ukaanza kujaa gatini, maji yakawa haba, meli haziwezi kusogea. Wakaongeza kipande 1875, kisha kingine, wakaendelea hivyo mpaka miaka ya 1960.

Baba Mkubwa: Ndiyo maana. Nguzo zikishaugawa mkondo, maji hupunguza mwendo na mchanga hutua. Gati likikimbilia kina, mchanga nao unalifuata.

Kitindamimba: Dada, na meli bado zinakuja?

Dada Mkubwa: Ziliacha mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kitindamimba: Sasa si wangelibomoa tu? Pesa yote hiyo kwa ajili ya watu kupunga upepo?

Shangazi: We mtoto!

Dada Mkubwa: Mwache aulize Shangazi, na huku wapo waliowaza hivyo. Meli zilipoacha kuja gati likaanza kuchakaa. Aprili 1978 kikaja kimbunga Alby, kikang'oa sehemu kubwa. Wenyeji ndio waliokataa lisife. Mwaka 1987 wakaunda chama cha kulihifadhi, wakawa wanachangisha. Halafu Desemba 1999 ukazuka moto, mita 65 zikateketea.

Shangazi: Yarabi! Kimbunga, kisha moto. Na hawakukata tamaa?

Dada Mkubwa: Hawakukata. Waliendelea kuidai serikali mpaka ikatoa sehemu kubwa ya fedha. Kazi nzima ilikula dola za Australia milioni 27, gati likafunguliwa upya Februari 2011.

Kitindamimba: Milioni 27 😳

Dada Mkubwa: Ngoja nikuonyeshe kitu mdogo wangu. Karibu na kichwa cha gati, mwisho wake wa baharini, kuna chumba kilichozamishwa, kilifunguliwa 2003. Unashuka ngazi mpaka mita 8 chini ya maji, madirisha pande zote. [picha 1]

Kitindamimba: Hiyo ya machungwa ni nini?

Dada Mkubwa: Hiyo ni nguzo! Imevaa matumbawe mpaka mti hauonekani. Mkondo wa Leeuwin unaleta maji ya uvuguvugu kutoka kaskazini, ndiyo maana matumbawe yamefika huku kusini. Samaki walikuwa wanapita kwenye kioo, hapa usoni pangu. Ungelibomoa gati, ungewabomolea na wao.

Kitindamimba: Hapo sina neno dada.

Baba Mkubwa: Nami niseme la ufundi. Msidhani milioni 27 zimemaliza kazi. Yupo mdudu wa baharini anayekula mbao. Anaingia kwa tundu dogo kama la sindano, nje huoni kitu, ndani anachimba njia tupu. Tulikuwa tukigonga kwa nyundo: mti mzima unalia, ulioliwa unatoa sauti ya debe. Na pale maji yanapopwa na kujaa, mti haupumzishwi, mara umelowa mara umekauka. Hapo ndipo unapochoka mapema.

Dada Mkubwa: Wanalijua hilo, Baba Mkubwa. Kuingia gatini unalipa, na hiyo pesa inasaidia matengenezo. Wanaoliendesha ni chama hicho cha wenyeji, hawagawani faida.

Baba Mkubwa: Hao wana akili. Anayejenga baharini na asiweke fungu la matengenezo, amejenga kuni.

Shangazi: Kaka, leo umeandika kuliko mwaka mzima 😄

Baba Mkubwa: Mtoto kaniletea habari ya mbao, ninyamaze vipi? Mwanangu, kesho unarudi huko?

Dada Mkubwa: Asubuhi, inshallah.

Baba Mkubwa: Nipigie picha pale boriti inapokaa juu ya nguzo. Kwa karibu, nizione bolti. Lakini usiinamie ukingoni.