Mmenibadilishia pampu ya dizeli bila kupima, ugonjwa umebaki palepale. Nataka pampu yangu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Shilingi 2,000,000 zimeniondoka, gari limelala wiki tatu, nyanya za watu zimeozea kwenye matenga, na mwisho wa yote ugonjwa umekutwa kwenye kipuli ambacho kipya chake nimekinunua juzi kwa shilingi 75,000. Gereji yenyewe siitaji hapa. Wenyewe wakisoma watajijua.

Gari ni Hilux ya dizeli, injini ya 2KD. Ndiyo kazi yangu: napakia nyanya Ilula nashusha Morogoro, nikirudi nabeba saruji au mbolea. Ilianza kusumbua asubuhi. Napiga stata mara nne, mara tano, ndipo iwake, tena kwa kuunguruma kama inakohoa. Ikishawaka haina shida. Mchana nikizima nikawasha hapohapo, inashika mara moja. Nilimweleza fundi habari hii siku ya kwanza kabisa, neno kwa neno, na hakuisikiliza. Jibu lote lilikuwa humo.

Siku iliyonipeleka gereji nilikuwa napanda mlima wa Kitonga na mifuko 20 ya saruji. Katikati ya kona taa ya injini ikawaka na nguvu ikakata. Nakanyaga mafuta, gari halisikii. Nimebaki gia ya kwanza, huku mwamba, huku korongo, nyuma yangu malori yamepangana yanapiga honi. Aliyewahi kupita pale anajua hakuna pa kujibanza. Nilifika juu mikono inatetemeka.

Iringa mjini kijana akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0087. Hata boneti hajafungua, akaniambia, "Bosi, pampu imekufa hiyo." Dakika kumi, hukumu imetoka.

Sasa nisikilizeni mafundi wote mnaosoma mashine kama mganga anayepiga ramli. P0087 inasema kitu kimoja tu: presha kwenye reli ya mafuta, lile bomba linalogawa dizeli kwa nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini, ni ndogo kuliko ile kompyuta ya gari inayoitaka. Haisemi pampu imekufa. Filta iliyoziba inaleta kodi hiyohiyo. Hewa inayoingia njiani inaileta. Vali ya SCV, ile inayokaa kwenye pampu na kupima dizeli iingie kiasi gani, ikianza kukwama inaileta. Nozeli zinazorudisha mafuta mengi zinaileta, vali ya usalama kwenye reli inaileta, hata sensa ya presha ikidanganya inaileta. Pampu ni mtuhumiwa mmoja kati ya wengi, tena ndiye wa gharama kubwa. Kwa nini mnaanza na yeye?

Wakanidai 1,650,000 ya pampu iliyotumika "kutoka Japani", 250,000 ya ufundi, 50,000 ya filta na 50,000 ya kuchomeka mashine. Risiti ya EFD sikupewa, nikaandikiwa kwenye karatasi ya daftari. Nikalipa, kwa sababu mzigo ulikuwa unanisubiri na sikuwa na elimu niliyonayo leo.

Kuna jambo lingine nililiona kwa macho yangu. Baada ya kufunga pampu, yule kijana alishika spana akawa analegeza nati za mabomba ya nozeli injini ikiwa inaunguruma, eti anatoa upepo. Hayo ni mambo ya injini za zamani, 2L na 3L. Kwenye hizi za reli, presha ya mle ndani inaweza kupita baa 1,000. Dizeli ikichomoka kwenye upenyo mdogo inapita kwenye ngozi ya mkono kama sindano, na kinachoonekana ni kitundu kidogo kisichouma sana. Mtu anaendelea na kazi, saa chache baadaye mkono umevimba na unaanza kufa. Ikikutokea nenda hospitali saa hiyohiyo, useme wazi kwamba ni dizeli ya presha imeingia. Yule ni mtoto wa watu, na bosi wake alikuwa amesimama pembeni anamtazama tu!

Gari likawaka vizuri siku nne. Ya tano asubuhi, stata mara nne, mara tano. Ile ile.

Nikarudi. Safari hii wakasema ni nozeli zote nne, 450,000 kila moja. Nilipohoji, hadithi ikageuka: nimewekewa mafuta yaliyochakachuliwa na mafuta ya taa. Ni kweli mafuta ya taa yanaua pampu, maana pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Ndiyo maana serikali ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei isitofautiane sana na dizeli. Lakini pampu iliyosagika inaacha ushahidi. Unafungua SCV, unakuta unga wa chuma unaometa kama rangi ya fedha. Niliomba nionyeshwe unga huo kwenye pampu yangu ya zamani.

"Bosi, ile tulishaitupa."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Kile ni chuma kizito, kina thamani hata kikiwa kibovu, na ni mali yangu niliyoinunua pamoja na gari. Nani alimpa ruhusa ya kuitupa? Imetupwa wapi? Nimeuliza mara tatu, na kila mtu pale gereji ananipa jibu lake.

Nikalivuta gari mpaka Ilula kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni mti na turubai. Nikamsalimu, kamwene, nikamsimulia. Hakugusa kitu kwanza. Akauliza: asubuhi inasumbua, mchana haisumbui? Ndiyo. Ikisimama kwenye mwinuko, pua juu, inasumbua zaidi? Nikafikiri, nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

Akanieleza kitu ambacho ningeelezwa siku ya kwanza. Hilux hii haina pampu ya umeme kwenye tenki. Pampu ya injini yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka kule nyuma, kupitia filta, kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Mrija ukipata ufa, unavuta hewa. Na usitegemee kuona dizeli ikidondoka chini, kwa sababu njia hiyo ina mvuto, haina presha ya kusukuma nje. Usiku gari limelala, hewa inapenya, dizeli inarudi tenki. Asubuhi unapiga stata kwenye bomba tupu. Mlimani injini inataka mafuta mengi, inaletewa mchanganyiko wa dizeli na hewa, presha inaanguka, taa inawaka.

Kwanza aliazima mashine, akafungua ukurasa wa marekebisho ya kila nozeli injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Namba ikiwa ndani ya 3, juu au chini ya sifuri, nozeli inapumua vizuri. Zangu zote nne hazikufika 1.5. Kwa hiyo 1,800,000 nyingine ilikuwa iende bure.

Kisha akachomoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda pampu, akaweka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, akabana klipu pande zote mbili. Akawasha. Wakuu, nilipiga magoti pale nikaangalia. Dizeli ya rangi ya asali inapita, na ndani yake viputo vinakimbia mfululizo, vidogo vidogo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Akakanyaga mafuta kidogo, viputo vikawa vikubwa, vikatenganisha dizeli vipande vipande. Sikuhitaji kuambiwa kitu.

Akaweka dumu la lita 5 la dizeli safi juu ya boneti la gari jirani, akaunganisha mpira moja kwa moja kwenye pampu, tenki na filta vikawekwa kando. Baada ya kujaza njia, viputo vikaisha kabisa. Tukaliacha hivyo usiku kucha. Asubuhi, stata moja tu, likashika.

Akarudisha kimoja kimoja. Mpira wa tenki, mzima. Kichwa cha filta, viputo vikarudi. Kile kipampu cha mkono kilicho juu ya filta, cha kujazia dizeli, mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka. Hao wa mjini walipobadilisha filta walikitikisa kikakaa vizuri kwa siku nne, basi. Kichwa kipya 75,000, ufundi akaniomba 30,000. Nikampa 60,000 na tenga la nyanya.

Nimeshapanda Kitonga mara mbili tangu hapo, na mzigo uleule. Taa haijawaka.

Sasa ninachodai. Fedha zangu za pampu zirudi, nitawarudishia hiyo ya kwao. Na pampu yangu irudi. Ilikuwa nzima! Naamini ipo kwenye shelfu ya mtu mjini hapo, imepigwa petroli ikang'aa, inasubiri mwenzangu mwenye P0087 auziwe kama imetoka Japani.

Ina alama. Kwenye sikio la boliti la upande wa juu kuna doa la rangi ya bluu, kubwa kama kucha ya kidole gumba, lilimwagika nilipokuwa napaka kibano cha betri. Karibu na hapo kuna mkwaruzo wa msumeno wa chuma. Doa linaweza kusuguliwa, mkwaruzo hauondoki. Yeyote aliyeuziwa au aliyeonyeshwa pampu ya 2KD yenye mkwaruzo huo Iringa, Mafinga au Makambako, aniandikie hapa au inbox, hata usiku wa manane. Picha ya injini niliyopiga wakati nanunua gari ninayo, na mkwaruzo unaonekana.

Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwao.