Bonde la mpunga delta ya Rufiji: tujenge tuta au tuyaache maji yaingie?

Katibu_wa_Maji
Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu maana huku kwetu kijiji kimegawanyika kabisa. Niko delta, wilaya ya Kibiti, tunalima mpunga kwenye bonde ambalo maji ya mto yakisukumwa na maji kujaa ya bahari ndo yanamwagilia, hatuna pampu wala nini. Mafuriko ya Aprili 2024 yalikuta mpunga umeshabeba mimba, ukakaa chini ya maji mpaka ukaoza, na visima navyo vikaingia maji machafu. Sasa vijana wamechanga hela wanataka tuta refu la udongo kuzunguka bonde lote. Wazee wanasema tukizuia maji tumeua shamba. Kitongoji cha chini nao wanasema tuta letu litawasukumia maji wao. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, nimeambiwa niandike mapendekezo kabla ya mkutano wa kijiji. Tuta ndiyo au hapana? Na tukiweka geti nani aliendeshe, maana hapo naona kabisa ndo patakuwa na ugomvi.

Mtu wa Mlau
Ndugu katibu, wasikilize wazee. Mimi kwetu juu huko upande wa Utete, na sisi tumelelewa na mafuriko. Watu wa nje wakisikia mafuriko wanaona balaa tu, lakini bonde la Rufiji halijawahi kutiwa mbolea ya dukani kwa sababu mto ndo unaleta tope jipya, maji yakishuka mwezi wa tano wa sita unaingia na mahindi, kunde, maboga, unalima mlau kwenye unyevu uliobaki bila mvua hata tone. Mwaka ambao mto haukupanda ndo mwaka wa njaa, muulize mzee yeyote. Hata serikali ilipohamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu 1969 baada ya mafuriko, watu waliendelea kushuka kulima na kulala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kulinda mazao na nguruwe na viboko, kwanini? Kwa sababu chakula kiko kule chini. Sasa ukizungushia tuta refu tope haliingii, na miaka michache tu mbele utaona mavuno yanapungua na hutajua kimekupata nini. Tatizo sio maji kuja, ni maji kuja wakati ambao hukuyategemea na kukaa mda mrefu. Hayo ni mambo mawili tofauti, yaandike hivyo kwenye mapendekezo yako.

FundiMifereji
Naungana na mzee hapo juu ila kwa delta kuna kitu kingine zaidi ya tope, nacho ni chumvi. Mto ukiwa na nguvu masika, maji kujaa yanakuletea maji baridi shambani, safi kabisa. Mto ukilegea, kujaa kulekule kunakuletea maji ya bahari, na mbaya zaidi ni bamvua, kule kujaa kukubwa kwa siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu. Mpunga unaanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita kama 3 kwa kipimo cha chumvi cha dS/m, na mche mdogo ndo unaumia zaidi. Kwa hiyo mimi nasema tuta liwepo lakini fupi, la kuzuia bamvua ya maji chumvi, sio la kupigana na mafuriko ya mto, hayo huyawezi na mkijaribu litakatika usiku mmoja na litaleta madhara kuliko kama lisingekuwepo. Acheni sehemu moja ya tuta iwe chini kuliko kwingine, pana, ipandwe nyasi zilizoshikana, maji makubwa yapite hapo bila kukata tuta. Alafu wekeni bomba lenye kifuniko cha bawaba upande wa mto: maji yakipwa, ya shambani yanasukuma kifuniko yanatoka, yakijaa kifuniko kinabanwa chenyewe. Wenzetu wa Guinea-Bissau na Casamance kule Senegal wanafanya hivyo kwenye mpunga wa mikoko toka enzi na enzi, bomba lao ni gogo la mti lililochimbwa katikati. Maji ya kuingiza shambani yachukueni juu juu maana maji chumvi ni mazito yanatembea chini, na muyapime kila mara kabla ya kufungua.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui na kinaniuma nikiona: udongo uliokuwa mikoko msiukaushe kabisa. Ule mweusi unaonuka yai bovu ukikauka na kupata hewa unageuka kuwa tindikali kali, mpunga hauoti tena miaka na miaka. Na msikate mikoko kupanua bonde, ule ni msitu wa hifadhi kisheria, na ndo unavunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye tuta lenu.

mama_mpunga
Mimi naongelea mbegu. Mnagombana tuta lakini mnapanda nini? Huku kila mtu anataka Supa kwa sababu ya harufu na bei, sawa, lakini Supa inachelewa kukomaa na mafuriko ya Aprili yanaikuta palepale pabaya. Gawaneni. Sehemu za chini kabisa panda mbegu ya mda mfupi, maeneo yaliyoinuka ndo Supa. Zipo pia SATO 1 na SATO 9 za kuvumilia chumvi, ila msichanganye jamani, kuvumilia chumvi sio kuvumilia kuzama, kuna mtu ataziuza kama dawa ya mafuriko. Na muwe na kitalu cha akiba sehemu ya juu, maji yakisomba au kaa wakikata miche una pa kuanzia. Kitalu cha akiba kiwe cha kikundi cha akina mama, sio cha mwenyekiti. Sisi ndo tunapanda na kupalilia.

Mwanatana
Salamu kutoka Tana River Kenya. Hayo mnayoyasema na sisi yametupitia, bwawa la Masinga lipo huko juu toka 1981 na mengine yakafuata, mto ukabadilika, mafuriko madogo yaliyokuwa yanamwagilia mashamba ya Wapokomo yakapungua lakini makubwa bado yanatufikia, mliona wenyewe mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024. Nyie bwawa la Julius Nyerere huko juu ya Rufiji limeanza kujazwa Desemba 2022, basi tafuteni mapema njia ya kupata habari za maji yanayofunguliwa, zisiishie wilayani. Kwetu tangazo la bwawa kufurika linatoka redioni, lakini kinachookoa watu ni simu ya jamaa aliyeko juu ya mto. Wekeni mtu kila kijiji toka juu mpaka chini, kila mmoja anampigia wa chini yake.

Halafu mifugo. Ng'ombe wakipanda tuta kunywa maji hilo tuta limekwisha. Acheni njia yao ya kwenda mtoni, sisi tunaita malka, iandikwe na ikubaliwe na wafugaji wenyewe, watu wameuana kwa jambo hili.

Katibu_wa_Maji
Asanteni sana wakuu, kweli mmenifungua. Nimeshaongea na vijana, wamekubali wazo la tuta fupi, wazee bado wanataka kuliona hilo bomba kwanza kabla ya bonde zima. Swali la geti bado hamjanijibu.

FundiMifereji
Geti lisiwe la mtu mmoja. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inaruhusu jumuiya ya watumia maji, mkiisajili inakuwa na nguvu ya kisheria na kitongoji cha chini lazima wawe ndani sio wageni waalikwa. Funguo mbili, moja kitongoji cha juu moja cha chini, geti halifunguki bila zote. Ratiba ya kufungua ifuate mwezi, maji mafu (kujaa kudogo) na bamvua, kila mtu anaijua hiyo hapo kijijini hata asiyesoma. Na kabla ya kuchimba nendeni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na halmashauri, kuna suala la mita 60 toka ukingo wa mto kwenye sheria ya mazingira, litawarudia kama hamjauliza.

mama_mpunga
Na visima msivisahau katibu, ndo kamati yako hiyo. Inueni mdomo wa kisima juu ya alama ya maji ya 2024, alama bado ipo ukutani kwenye nyumba. Maji yakishuka, kisima kitolewe maji yote, kitiwe klorini ndo watu wachote.

Katibu_wa_Maji
Sawa dada. Kesho naanza na hizo alama za ukutani, napita na kamba nyumba kwa nyumba.