Naomba ushauri: nianzie Ulaya au bandarini Malindi, hapa Unguja?

Assalam alaykum ndugu zangu, nnaomba mnisaidie mawazo, nnaandika makala ya skuli juu ya vipi nchi zilianza kukubaliana sheria za kazi kwa pamoja na nimekwama pa kuanzia. Mwalimu anataka nianze 1919, lilipoundwa Shirika la Kazi Duniani na mkutano wa kwanza Washington ukapitisha kazi za viwandani zisizidi masaa 8 kwa siku. Lakini mie naona kabla ya hapo kuna mkataba wa Bern, Uswisi, 1906, nchi zilikubaliana kupiga marufuku kemikali ya fosforasi nyeupe kwenye viberiti kwa sababu ilikuwa ikiwaozesha mataya wafanyakazi, na hii wallahi inanigusa zaidi, maana nchi moja ikikataza peke yake wenye viwanda wanalalamika jirani atauza rahisi, ndo wakaona bora wakataze wote pamoja.

Sasa mie nataka niifikishe kwetu. Uingereza, iliyokuwa ikitutawala, iliridhia mkataba dhidi ya kazi za kulazimishwa 1931, lakini 1948 makuli wa bandarini hapa Unguja waligoma mpaka mji mzima ukasimama, babu yangu alikuwa hamali, bega lake moja lilikuwa gumu kwa magunia ya karafuu. Waliofanya utafiti kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, faili za mgomo niombe vipi? Na niiunganishe mikataba ya kimataifa na mgomo, au niache mgomo uwe makala yake peke yake?