Majirani wa Mamboleo: puto, chumvi na Schawlow

*Jumatatu*

19:04 Mwl. Achieng': Majirani, habari za jioni. Jumamosi tarehe 16 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Mwanga, tarehe ambayo mwanafizikia Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960. Safari hii tunamkumbuka Arthur Schawlow, mwanafizikia wa leza, uwanjani nyuma ya tangi. Kila mtoto aje na boksi refu la karatasi ngumu, la kutengeneza kifaa cha kuugawa mwanga kwa rangi zake. Mchango ni 200 kwa nyumba. Nani yuko?

19:31 Mwl. Achieng': Naona tiki za bluu kumi na tisa na hakuna anayejibu.

19:33 Brayo: Schawlow ni wa nyumba namba ngapi?

19:34 Mwl. Achieng': Brayo! Alifariki 1999. Chuo Kikuu cha Stanford, spektroskopia ya leza (kuchunguza atomu kwa rangi za mwanga wake), Nobel ya 1981.

19:36 Baba Imani: Na hiyo Nobel alipata robo. Nusu ilienda kwa Siegbahn, nusu ya pili akagawana na Bloembergen.

19:36 Brayo: Robo inajulikana ilipo. Sio kama pesa ya turubai

19:37 Mama Stacy: 😂😂😂

19:40 Fundi Wekesa: Turubai tusilianze. Risiti ipo.

19:41 Mama Stacy: Ipo, ila macho yetu hayajaiona fundi. Nasema tu

19:43 Mwl. Achieng': TAFADHALI. Turubai lina kikao chake. Baba Imani, weka mpango wa puto hapa watu wausome.

19:52 Baba Imani: Puto la bluu iliyokolea ndani ya puto lisilo na rangi. Schawlow alilipiga kwa leza ya rubi, nyekundu, urefu wa wimbi nanomita 694. La nje linapitisha nyekundu, la ndani linaimeza, linapata joto na kupasuka. La nje linabaki zima. Akili hiyohiyo aliitumia kufuta herufi za taipu: wino mweusi unameza mwanga na kuwa mvuke, karatasi nyeupe inaurudisha, haiungui.

Kutengeneza: sukuma la bluu ndani ya la nje kwa upande butu wa penseli, shingo zote mbili zibaki nje. Jaza la bluu hadi ukubwa wa chungwa, lifunge, liangushe ndani. Ndipo ujaze la nje hadi lifike tikiti. Yasigusane pale mwanga unapopiga. Yakigusana joto linahamia la nje na yote mawili yanakwenda.

19:55 Brayo: Leza ninayo. Ya kijani, inafika mpaka ng'ambo ya ziwa. Imeandikwa miliwati 5

19:58 Chebet: Brayo, miliwati 5 halisi haipasui puto. Kama yako inapasua, basi maandishi yanadanganya. Na za kijani za bei rahisi mara nyingi huvujisha infraredi kwa kukosa kichujio. Infraredi huioni, kope hazifungi, retina inaungua kimya kimya.

19:59 Brayo: Sasa Schawlow alikuwa anavaa nini

20:00 Mama Stacy: Alivaa suti, aliingia kwa shemeji 😂 Si alioa dada yake Townes, halafu yeye na shemeji wakaandika ile karatasi ya 1958 ya leza?

20:01 Brayo: Shemeji wangu hata kuchimba choo hatuandikiani

20:02 Mwl. Achieng': Watu wa mchango wako wapi? Tuna nyumba TATU.

20:10 Mama Stacy: Nitatuma mwisho wa wiki. Lakini mwalimu, puto ni mchezo. Nobel hawakumpa kwa puto. Watoto wataambiwa nini?

20:24 Chebet: Waambie hivi. Atomu za gesi zinakimbia kila upande, kwa hiyo mwanga wake unabadilika kama honi ya matatu: ikikujia ni nyembamba, ikikupita inanenepa. Kila gesi ina rangi zake, ukiugawa mwanga wake zinaonekana kama mistari. Ukitazama mstari mwekundu wa haidrojeni, nanomita 656, unakuta umefutika kingo, mistari midogo iliyomo ndani imeshikana. Kupoza gesi kunasaidia kidogo tu, haidrojeni ni nyepesi mno.

Hänsch na Schawlow walipitisha miali miwili ya leza moja kwenye gesi, ikipishana. Mmoja mkali, mwingine hafifu. Atomu inayokimbia inasikia mmoja umepanda na mwingine umeshuka, haiwezi kuitikia yote miwili. Ile tu isiyosogea kufuata miali ndiyo inaisikia sawa. Mwali mkali unaishibisha, ule hafifu unapita bila kumezwa. Unapopita ghafla, hapo ndipo katikati halisi ya mstari. Mwaka 1972 waliufungua mstari wa 656 kwa njia hiyo.

20:25 Chebet: Hitilafu yake: miali isipolala juu ya mwenzake, hupati kitu.

20:26 Mama Stacy: Hiyo ya kushibisha wataelewa. Asante.

*Jumanne*

06:12 Jaduong' Nyumba 14: Nimesoma yote. Leza ya Brayo haitakanyaga uwanja ule. Jicho la mtoto halina spea. Tumieni jua na lenzi ya mkono, leta kitone juu ya puto la bluu, si juu ya la nje. Linapasuka vilevile.

06:13 Mwl. Achieng': Asante sana Jaduong'. Imeisha.

06:40 Brayo: Sawa mzee 🙏

06:58 Baba Imani: Ila jua linataka saa nne asubuhi. Mwali wa moto wa chumvi, ule watoto watautazama kwa maboksi, unataka giza.

07:03 Mwl. Achieng': Watoto wanakuja mara MOJA. Saa kumi na mbili na nusu jioni.

07:05 Baba Imani: Saa hizo jua gani mwalimu?

12:47 Fundi Wekesa: Ndio naona. Maboksi nitakata mimi, sentimita 25. CD msilete. Kipande cha diski ndicho kinachougawa mwanga. Sodiamu ya kwenye chumvi ina mistari miwili, nanomita 589.0 na 589.6, na kwa CD inashikana. DVD ina mifereji mara mbili na zaidi, inaitenganisha. Ipasueni kwa wembe ukingoni, mchukue nusu inayopitisha mwanga, ile rangi ya zambarau ioshwe kwa spiriti. Kata kipande cha nje kabisa, huko mifereji haijapinda sana, na mifereji ilale sambamba na mwanya wa kuingizia mwanga.

Mwanya ni nyembe mbili zikitazamana. Kipimo ni wembe wa tatu, uusimamishe katikati, ubane, uuchomoe. Unene wake ni milimita 0.1. Mkiacha 0.2 rangi zinang'aa vizuri ila mistari inaanza kugusana.

12:49 Fundi Wekesa: Chumvi iwe kidogo. Ikizidi mwali unameza mwanga wake wenyewe na mistari inanenepa. Kitambaa kilichoroweshwa, ukingoni mwa mwali wa gesi, basi.

12:55 Mama Stacy: Jiko dogo la gesi langu lipo. Lirudi na kifuniko chake safari hii

13:20 Chebet: Leteni pia balbu za zamani za kuokoa umeme, zile zilizojikunja. Zinatoa mistari ya zebaki, 546 kijani na 436 bluu. Za LED hazina mistari hiyo.

13:22 Mwl. Achieng': Vizuri. Nyumba TANO sasa. Na mvua? Mwezi huu jioni hainyamazi.

13:24 Brayo: Turubai liko wapi

13:25 Mama Stacy: 👀

13:31 Jaduong' Nyumba 14: Wekesa, lete turubai pamoja na risiti.

18:50 Fundi Wekesa: Sawa Jaduong'. Saa nne au jioni?

19:15 Mwl. Achieng': JIONI.

19:16 Baba Imani: Mimi na puto langu tutakuja saa nne.