Gumzo la familia: tela ya pikipiki

*Ijumaa jioni*

Mimi: Shikamooni wakubwa. Nimeanza kuchora tela ya kuvutwa na pikipiki, ya kubebea sahani za miche na maji. Michoro ndiyo hii. [picha 3]

Mama: Marahaba mwanangu. Keria haitoshi?

Mimi: Keria inabeba sahani nne tu mama, tena zikikaa juu vile pikipiki inayumba na miche inafika imelala.

Kaka: Unataka ibebe nini kwa mara moja?

Mimi: Sahani 12 na madumu sita ya lita 20.

Dada: Ngoja. Madumu sita ni kilo 120. Pikipiki yenyewe ina kilo ngapi?

Mimi: 120 hivi. Ni ya 150cc.

Dada: Basi kwa maji peke yake unavuta pikipiki nyingine nzima, na chuma bado hujakihesabu.

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Michoro nimeiona, sanduku zuri. Mbona kiungo hujakichora? Hapo kati ya tela na pikipiki umeweka duara tu.

Mimi: Kiungo ninacho tayari mjomba. Nimekitoa kwenye shafti ya propela ya gari bovu, ile krosi yake. Inakunja kila upande. [picha]

Mjomba: Hiyo usiifunge. Nakula kwanza, nikimaliza nakueleza.

Mjomba: Haya. Jiulize, ndani ya gari krosi inafanya kazi gani? Inapeleka mzunguko nyuma huku shafti ikipanda na kushuka. Inakunja juu na chini, inakunja kushoto na kulia, lakini ukizungusha upande mmoja, upande wa pili nao unazunguka. Ndicho ilichotengenezewa. Sasa pikipiki inapolala kwenye kona, kule kulala ndiko kuzunguka. Krosi itauchukua mlalo huo wote iupeleke kwenye tela.

Mimi: Kwa hiyo tela itainama na mimi?

Mjomba: Tela ina magurudumu mawili ubavuni, haiinami. Moja kati ya mawili: inyanyue gurudumu la upande mmoja, au iizuie pikipiki kulala.

Kaka: Na pikipiki ikizuiwa kulala, kona haiikati. Inanyoosha tu mpaka nje ya barabara. Mdogo wangu, hapo usifanye mchezo.

Mimi: Nilidhani kukunja kila upande ndiyo basi. Je, kiungo cha tufe la chuma, kama la tela za gari?

Mjomba: Gari halilali kwenye kona, kwa hiyo tufe lake halikuandaliwa kwa mlalo mkubwa. Likiinama kupita kiasi, kikombe cha tela kinacholishika kinagonga shingo ya tufe na kuanza kuling'ang'ania. Pikipiki kwenye kona ya kawaida inaweza kulala nyuzi 30. Ikianguka inalala zote 90, na ikianguka tunataka tela ibaki imesimama, isipinduke nayo.

Mimi: Sasa nifanyeje?

Mjomba: Krosi yako ni nzima? Haina mchezo?

Mimi: Haina.

Mjomba: Itumie, lakini ongeza mzunguko wa tatu nyuma yake. Shafti ya milimita 20 ipite ndani ya bomba nene lenye bushi za shaba, bomba lichomelewe kwenye mkono wa tela. Mwisho wa shafti weka washa nene, nati yenye meno, na pini inayokunjwa miguu. Toboa tundu la grisi. Nati usiikaze hadi shafti igome, ukaze hadi isichezecheze mbele na nyuma lakini izunguke kwa mkono mmoja. Hiyo nati ndiyo inayovuta tela yote, kwa hiyo pini ikisahaulika umesahau tela.

Mama: Na hiyo nati ikifunguka njiani?

Mjomba: Ndiyo maana kuna minyororo dada. Miwili, inapishana chini ya mkono kama herufi X. Kiungo kikikatika, mkono unaangukia juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Iwe mirefu kiasi cha kuruhusu kona, isiwe mirefu hadi kuburuta.

Mama: Minyororo hiyo nitaiangalia kwa macho yangu kabla hajatoka.

*Jumamosi*

Dada: Nimehesabu michoro yako. Umeandika bomba la mraba 40 kwa 40, unene milimita 3, jumla mita 14. Mita moja ya bomba hilo ni karibu kilo 3.5, kwa hiyo fremu pekee ni kilo 49. Sakafu ya bati la milimita 3, mita 1 kwa sentimita 70, ni kilo 16 na nusu. Jumla kilo 65, magurudumu bado.

Kaka: Duh. Hapo hujapakia hata mche mmoja.

Dada: Uingereza wana kanuni za mwaka 1986 juu ya jambo hili. Tela ya pikipiki pamoja na mzigo wake isizidi kilo 150 au theluthi mbili za uzito wa pikipiki, kipi kidogo. Injini iwe kubwa kuliko 125cc. Upana usizidi mita 1. Huku siyo Uingereza, ila kwa kipimo cha theluthi mbili wewe unaishia kilo 80, tela na mzigo wake.

Mimi: 80 yote?

Dada: Yote.

Mimi: Sasa hapo inanisaidia nini dada.

Dada: Usikate tamaa, chuma ndicho kinachokula nafasi. Badilisha fremu iwe 25 kwa 25, unene milimita 2. Mita moja ni kilo 1.44, mita 14 ni kilo 20. Sakafu iwe plaiwudi ya milimita 9, hiyo haifiki kilo 5. Mkono pekee ubaki 40 kwa 40.

Mjomba: Dada yako amesema kweli. Chuma chembamba kilichowekewa mshazari kina nguvu kuliko kinene kilichoachwa mraba mtupu. Kwenye kila kona ya chini weka kipande cha mshazari. Mkono nao usiishie kwenye boriti ya mbele, uupitishe chini ya sakafu hadi kwenye ekseli. Tela nyingi ninazoletewa kurekebisha zimekatika pale pale mkono ulipoishia mbele.

Shemeji: Na kama mabomba ni ya mabati, saga zinki yote kabla ya kuchomelea, na uchomelee nje penye upepo. Moshi wake unaleta homa usiku.

Mjomba: Asante shemeji, hilo nililisahau. Na akichomelea chochote kwenye pikipiki yenyewe, betri itoke kwanza.

Mimi: Nikipiga hesabu na magurudumu inakuja kilo 40. Inabaki 40 ya mzigo. Sahani 12 zikiwa zimemwagiliwa ni kilo 30.

Dada: Basi maji ni dumu moja, tena nusu.

Kaka: Nusu hapana! Ninaendesha lori miaka mingi, maji yasiyojaa chombo ndiyo mzigo mbaya kuliko yote. Ukishika breki yanakimbilia mbele, ukipinda yanakimbilia ubavuni. Chukua dumu dogo la lita 10 ulijaze hadi mdomoni.

Mimi: Sawa kaka. Kiungo nitakifunga kwenye keria au wapi?

Mjomba: Keria kamwe. Bolti zake zimewekwa kubeba kitu kinachokandamiza chini, hazikuwekwa kuvutwa nyuma na kushtuliwa kila shimo. Tengeneza mkono wa V unaoshika fremu pande zote mbili, pale panapofungwa shokapu juu na pale panapofungwa vigingi vya abiria. Kiungo kishuke hadi karibu na usawa wa ekseli ya nyuma, na kiwe karibu na tairi iwezekanavyo bila kuligusa wakati shokapu zimebonyea.

Dada: Ukaribu huo una hesabu yake. Kiungo kikiwa sentimita 50 nyuma ya ekseli ya nyuma ya pikipiki, na kati ya ekseli zake mbili ni sentimita 127, basi kila kilo 10 zinazokandamiza kiungo zinapunguza karibu kilo 4 kwenye gurudumu la mbele. Na la mbele ndilo linaloongoza.

Kaka: Mimi nilitaka nizungumzie hapo hapo. Mzigo unakaa wapi? Nimeona tela ikicheza barabarani mbele yangu, mzigo wote umerundikwa nyuma ya ekseli. Nyuma ikizidi, mkono unanyanyuka, tela inaanza kutikisa mkia. Kila mtikiso unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Ikikukuta hivyo usishike breki kwa nguvu, usiongeze mafuta. Achia mafuta taratibu, nyoosha usukani, ijifie yenyewe.

Mimi: Kwa hiyo nipakie mbele?

Kaka: Mbele kidogo. Mkono ukandamize kiungo kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote.

Dada: Kwa kilo 80 ni kilo 8. Pima kwa mizani ya kupimia watu: weka tela tambarare, mzigo ndani, mkono ulale juu ya mizani kwa urefu ule ule wa kiungo. Kama kutoka kiungo hadi ekseli ni mita 1.5, kitovu cha uzito kinatakiwa kiwe sentimita 15 mbele ya ekseli. Sentimita 15 tu mdogo wangu. Dumu ukilisogeza vibaya umeharibu yote.

Mjomba: Kwa hiyo ekseli usiichomelee sasa. Ifunge kwa bolti za U, ujaze mzigo, upime, uisogeze mbele au nyuma hadi mizani isome 8. Halafu pima kutoka kwenye kiungo hadi katikati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Vipimo viwe sawasawa, la sivyo tela itatembea upande kama kaa.

Mimi: Magurudumu nilitaka ya toroli, ninayo mawili.

Kaka: Hapana. Beringi za toroli ni za mwendo wa mtu anayetembea. Kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu la kipenyo cha sentimita 40 linazunguka karibu mara 800 kwa dakika. Tafuta rimu za skuta au za pikipiki ndogo, zenye beringi zinazoweza kubadilishwa.

Mjomba: Na springi usiziache. Miche yako inakufa kwa mtikisiko kabla ya jua.

Shemeji: Taa niachie mimi. Balbu za kawaida ni wati 21 za breki na 5 za nyuma kila upande, mfumo wa pikipiki yako utalemewa, kwa hiyo tunafunga za LED. Waya wa hasi nitaupitisha peke yake hadi kwenye pikipiki. Kwenye kiungo pana grisi, usitegemee umeme upite hapo.

Mama: Na karatasi? Inaruhusiwa kutembea barabarani?

Kaka: Mama yuko sahihi. Kabla ya kwenda kwenye lami uliza kama inahitaji kukaguliwa, na uulize kwa maandishi kama bima ya pikipiki inaifikia tela.

*Jumamosi iliyofuata*

Mimi: Imekamilika. Kilo 38 kwenye mizani. [picha 5]

Mjomba: Kabla ya injini, jaribio la kulala. Mtu mmoja ashike tela, wewe lalisha pikipiki kushoto mpaka kigingi kikaribie ardhi, kisha kulia. Nirekodie.

Mimi: [video]

Mjomba: Kushoto safi. Kulia, karibu na mwisho, gurudumu la tela limetikisika. Kuna kitu kinagusa.

Mimi: Ni kichwa cha bolti ya mkono wa V, kinagonga ukingo wa bomba.

Mjomba: Geuza bolti, kichwa kikae upande wa ndani. Rudia.

Mimi: [video]

Mjomba: Haya. Sasa imelala bila kuiambia tela chochote.

Mimi: Nimezunguka uwanjani nusu saa, tupu kwanza, halafu na mchanga kilo 40. Haichezi mkia. Breki inachelewa, nimeiona tofauti kubwa.

Kaka: Hiyo ndiyo uiweke kichwani. Toka kilomita 40 ukafika 60 kwa saa, nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza ni zaidi ya mara mbili. Punguza mwendo kabla ya kona, usishike breki ukiwa ndani ya kona, tela itakusukuma matako ya pikipiki. Na kumbuka mashimo: gurudumu lako linakwepa shimo katikati, la tela linaliingia ubavuni.

Mimi: Lilinipata mara mbili. Nimeanza kulipitisha shimo kati ya tairi langu na la tela.

Dada: Beringi umezigusa?

Mimi: Ya kulia vuguvugu. Ya kushoto ya moto, mkono hauvumilii.

Mjomba: Umekaza nati ya kushoto kupita kiasi. Fungua robo mzunguko, zungusha gurudumu kwa mkono, lizunguke huru bila kucheza. Weka pini mpya, ile uliyokwisha kuikunja usiirudie.

*Jumapili asubuhi*

Mimi: Beringi zote mbili vuguvugu sawa baada ya kilomita 5. Mzigo ni sahani 12 na dumu la lita 10, limejaa. Mizani imesoma 8.

Mama: Minyororo.

Mimi: [picha]

Mama: Huo wa kulia mbona unagusa chini?

Mjomba: Macho ya dada yangu! Punguza pete mbili.

Mimi: [picha]

Mama: Sasa nenda. Ukifika piga simu, usiandike ukiwa juu ya pikipiki.