Majimbo au serikali moja? Mapendekezo ya KADU na KANU, mkutano wa katiba ya Kenya, Lancaster House, London, 1962

Karani_wa_Bunge
Kila mjadala wa ugatuzi (kugawa madaraka kutoka Nairobi kwenda mikoani) huishia "KADU walitaka majimbo, KANU walitaka umoja". Hiyo ni nusu tu. Chama cha KANU (Kenyatta, Odinga, Mboya) walitaka serikali yenye nguvu Nairobi, na serikali za mitaa zipewe kazi kwa sheria ya Bunge. Chama cha KADU (Ngala, Moi, Muliro) walitaka mikoa yenye mabaraza yake, na mamlaka ya mikoa hiyo yaandikwe ndani ya katiba yenyewe. Kilichopewa kwa sheria ya kawaida hunyang'anywa kwa wingi wa kawaida. Hapo ndipo penye ugomvi.

Katiba ya mwafaka ilianza kazi 1 Juni 1963: mikoa saba, Nairobi ikiwa peke yake, Seneti ya watu 41 na Baraza la Wawakilishi la 129.

Msumari
Karani, umeruka kufuli, nalo ndilo lililomfurahisha Ngala. Kubadili vifungu vya mikoa kulihitaji asilimia 75 ya Baraza na 90 ya Seneti. Piga hesabu: 90% ya 41 ni 36.9, yaani maseneta 37. Watano wakikataa, basi. Kwa karatasi, KADU walishinda.

Mwana_Likoni
Kwa karatasi, ndiyo. Lakini kufuli lenyewe lililegezwa London, Septemba na Oktoba 1963, KANU wakiwa tayari wameshinda uchaguzi wa Mei. Zikaongezwa njia ya kura ya maoni kwa theluthi mbili, Tume moja ya Utumishi wa Umma, na polisi chini ya mkuu mmoja. Mkoa usioajiri watu wake wala kuamuru polisi wake una nini zaidi ya ukumbi wa mikutano?

Na tusisahau pendekezo la tatu: Mwambao. Ule ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na wako waliotaka ujitenge. Ripoti ya 1961 ya Robertson, kamishna wa Uingereza, ikasema uunganishwe na Kenya. Ngala naye, Mpwani, hakutaka kujitenga. Alitaka Pwani nzima iwe mkoa mmoja, bara yake ikiwemo. Kilichobaki mkononi mwa Mwambao ni mahakama za kadhi.

Msumari
Sawa dada, kura ya maoni nakubali. Ila haikupigwa! Serikali ilitishia tu, halafu 10 Novemba 1964 KADU ikajivunja na wabunge wake wakahamia upande wa serikali. Kufuli la 90% halimzuii mwenye ufunguo kubadili chama.

Karani_wa_Bunge
Naam, na kuhama hakukugharimu kiti. Kanuni ya mhamaji kupoteza kiti ililetwa 1966, Odinga na wenzake walipotoka KANU kwenda chama kipya, KPU. Ilipowafaa wakubwa mlango ulikuwa wazi, ulipowauma ukapigwa komeo.

Bi_Hesabu
Mnabishana kura, mimi nauliza fedha. Mikoa ilitegemea hazina ya Nairobi, na mwaka 1964 makabidhiano ya kazi na fedha yakacheleweshwa. Baraza lisilo na mshahara wa karani halihitaji kufutwa, linajifia. Ndiyo maana katiba ya 2010 imetaja kiwango: kaunti 47 zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tatizo ni kwamba asilimia hiyo hukokotolewa kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuzipitisha, kaunti zinapimiwa kwa kibaba cha miaka ya nyuma.

Mwana_Likoni
Na kufuli la 2010 limehamishwa mkono: kugusa ugatuzi ni lazima kura ya maoni, angalau asilimia 20 ya wapiga kura wajitokeze katika nusu ya kaunti, kisha wengi wa waliopiga waseme ndiyo. Huwezi kuwahamisha chama wapiga kura wa kaunti 24 kwa usiku mmoja.

Msumari
Hiyo nakupa. Lakini ile 15% ya Bi Hesabu haina mlinzi kama huyo siku kwa siku.